Tarakimu tano kabla ya nambari ya Nyanya

Shangazi yangu ameishi Mannheim, Ujerumani, tangu kabla sijazaliwa. Kando ya simu yake ya mezani kulikuwa na karatasi iliyobandikwa ukutani, imejaa nambari zilizoandikwa kwa kalamu, zikakatwa, zikaandikwa nyingine pembeni. Zote zilianza na 010. Jumapili jioni alipotaka kumpigia Nyanya kule Voi, aliangalia karatasi kwanza, kisha akabonyeza tarakimu tano za pale, halafu 00, halafu 254, halafu nambari ya Nyanya bila ile sifuri ya mwanzo. Hesabu mwenyewe: tarakimu 19. Akikosea moja, anaanza upya.

Mimi nilikuwa upande huu wa laini, mtoto wa darasa la pili, nikisubiri zamu yangu ya kusema shikamoo. Hii habari ya karatasi nilikuja kuelezwa nikiwa mtu mzima.

Zile tarakimu tano za mwanzo zilikuwa msimbo wa kuingilia. Hadi mwisho wa 1997, Mjerumani aliyetaka kuongea kwa simu ya mezani alikuwa na kampuni moja tu, Deutsche Telekom. Tarehe 1 Januari 1998 soko likafunguliwa. Lakini waya ulioingia ndani ya nyumba ulibaki wa Telekom, na kampuni changa haingeweza kuchimba mtaro hadi kila mlango. Basi kila mshindani akapewa msimbo wake: 010 na tarakimu mbili, na mingine ya tarakimu sita inayoanza na 0100. Ulipoubonyeza kabla ya nambari uliyotaka, mitambo ya Telekom iliikabidhi ile kampuni nyingine simu yako, nayo iliibeba hadi Munich, Voi au popote. Usipobonyeza, na kama hukuwa umeomba mpango mwingine, simu ilipita kwa Telekom kwa bei ya Telekom.

Kinachonifurahisha ni kwamba kwa nyingi ya kampuni hizo hukujaza fomu yoyote. Hukusaini mkataba. Mwisho wa mwezi bili ilikuja ileile ya Telekom, na ndani yake jina la kampuni nyingine kwenye mstari wake, pamoja na kiasi ulichotumia. Simu iliyofuata ulitumia msimbo mwingine na hakukuwa na wa kukuuliza umeenda wapi. Mwanzoni ilikuwa kwa simu za mbali na za nje ya nchi, kisha kuanzia Aprili 2003 hata simu za ndani ya mji zikaingia. Magazeti yalichapisha majedwali ya bei: saa hizi msimbo huu, usiku ule.

Nimesomea masoko. Darasani tulifundishwa mbinu nyingi za kumfanya mteja asiondoke, kuanzia pointi na zawadi hadi mkataba wa miezi 24. Sasa hapa palikuwa na soko ambalo mteja aliondoka na kurudi kila alipoinua mkono wa simu! Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo uhuru wa mteja unavyopaswa kuwa, na nasema hivyo nikijua kwamba anayenilipa mshahara ni kampuni ya malipo ambayo ingependa ukae nayo milele.

Lakini turudi kwenye karatasi ya Shangazi. Mbona ilikuwa imekatwakatwa hivyo?

Kwa sababu bei hazikutulia. Kampuni iliweza kushusha bei ya kupiga Kenya kwa muda, ikashika nafasi ya juu kwenye majedwali, watu wakakariri msimbo wake, halafu ikapandisha. Msimbo ni uleule na sauti ya Nyanya ni ileile, kwa hivyo hakuna kitu sikioni kinachokuambia kwamba leo unalipa mara kadhaa ya jana. Mwaka mmoja Shangazi alipata bili yenye euro 48 kwenye mstari mmoja, simu za Jumapili tatu. Alipopiga kulalamika, aliambiwa bei mpya ilikuwa imewekwa kwenye tovuti. Hakuwa na intaneti nyumbani. Alilipa.

Sheria ilifika, ila kwa kuchelewa. Ni kuanzia tarehe 1 Agosti 2012 ndipo kampuni za misimbo zilipolazimishwa kutaja bei kabla simu haijaunganishwa. Ulibonyeza, sauti ikakuambia senti ngapi kwa dakika, ukiona ni ghali ulikata. Hiyo ni miaka 14 na zaidi baada ya soko kufunguliwa. Shangazi anasema siku aliposikia ile sauti mara ya kwanza alidhani amekosea nambari.

Kwa hivyo ninapowasikia watu wakisema ushindani pekee unatosha kumlinda mteja, namkumbuka yeye. Misimbo ilikuwa mingi, kampuni zilikuwa nyingi, na bado mama anayejua kusoma jedwali alipigwa euro 48. Alipewa nafasi ya kuchagua bila kuambiwa bei saa ile anayochagua.

Marekani walipitia haya kabla ya Ujerumani, na kwa kelele zaidi. Kampuni ya AT&T ilipogawanywa tarehe 1 Januari 1984, wateja walifunguliwa njia ya kuchagua nani abebe simu zao za mbali, na pia ya kumpita huyo waliyemchagua kwa kubonyeza msimbo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, matangazo ya misimbo ya 10-10 yalikuwa yamejaa kwenye televisheni za kule. Maarufu mmoja ulikuwa 10-10-220: simu ya hadi dakika 20 kwa senti 99.

Kama mtu wa matangazo, nalivulia kofia lile tangazo. Kama mteja, hebu tupige hesabu. Ukiongea dakika 20 kamili, unalipa takriban senti 5 kwa dakika, na hiyo ni bei safi. Ukiongea dakika 3, zile senti 99 ni zilezile, yaani senti 33 kwa dakika. Ukipokelewa na mashine ya kurekodi ujumbe ukakata, umelipa senti 99 za kusikiliza mashine. Hakuna uongo hata mmoja kwenye tangazo. Ni kwamba liliandikwa kwa ajili ya mtu anayeongea dakika 20, na watu wengi hawaongei dakika 20.

Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mtu alibonyeza 10-10 akidhani anazikimbia kampuni kubwa, kumbe msimbo wenyewe ulikuwa wa kampuni kubwa. 10-10-220 ilikuwa chini ya MCI, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa kwa simu za mbali. Msimbo 10-10-345 ulitangazwa kwa jina la Lucky Dog, na mwenyewe alikuwa AT&T. Machi 2000, tume mbili za serikali ya Marekani, ile ya mawasiliano na ile ya biashara, zilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu matangazo ya namna hii: masharti yanayobadilisha bei yaonekane wazi, yasifichwe kwenye maandishi ya chini yanayopita kabla hujasoma.

Sisi Kenya hatukupata misimbo hii. Simu ya mezani haikufika nyumba nyingi, na Telkom Kenya, iliyoundwa 1999 lilipovunjwa shirika la posta na simu, ilibaki peke yake kwenye waya hadi 2004. Kufikia hapo watu walikuwa wameshashika simu za mkononi. Basi tukachagua kwa ukucha. Unafungua mgongo wa simu, unatoa laini moja, unaingiza nyingine, unapiga, unarudisha. Baadaye simu za laini mbili zikatuokoa. Kila aliyekuwa na laini mbili alijua sababu: kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Sehemu ya gharama ilitokana na ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu, ambayo mdhibiti aliishusha 2010 kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Aprili 2011 tukaruhusiwa hata kuhama mtandao na nambari yetu. Wachache sana walihama. Mimi naamini ni kwa sababu pesa zetu zilikuwa zimeshaanza kuishi ndani ya laini, na pesa hazikuhama na nambari.

Hapo ndipo habari ya Mannheim inapokuwa yetu. Msimbo wa Shangazi ulichagua nani abebe sauti. Leo wewe unachagua nani abebe pesa: laini hii au ile, wakala au benki, nambari ya duka au kutuma moja kwa moja, msimbo wa nyota au programu. Tangu 2018 unaweza kutuma pesa kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi ya mwingine. Njia zimekuwa nyingi kama zile za 010, na bei ya kila njia ni tofauti, na wengi wetu tunabonyeza ile tuliyozoea kidole kikiwa kimeshakariri.

Bahati nzuri, sauti yetu ya kutaja bei ilikuja mapema kidogo. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza watoa huduma za pesa kwa simu waonyeshe gharama kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Kabla ya hapo wengi walijua ada baada ya kukatwa, kwenye ujumbe wa kuthibitisha. Sasa ule mstari upo. Tatizo ni kwamba hatuusomi. Nimekaa kwa wakala mtaani kwetu nikiwatazama watu: jina la mpokeaji wanaliangalia, kiasi wanakiangalia, mstari wa ada wanaupita wakikimbilia namba ya siri.

Usome, kwa sababu mbili. Kwanza, ada za kutuma na kutoa zimepangwa kwa ngazi, kama zile dakika 20 za Marekani. Kiasi kikivuka mpaka wa ngazi kwa shilingi moja tu, unalipa ada ya ngazi ya juu yote. Ukimtumia mtu pesa ukaongeza za kutolea, hiyo nyongeza yenyewe inaweza kukuvusha mpaka. Na ukigawa kiasi vipande vitatu ukidhani unaokoa, mara nyingi jumla ya ada tatu inazidi ile moja. Sikupi jibu moja hapa kwa sababu jibu linategemea kiasi chako, lakini skrini inakupa, bure, kabla hujaweka namba ya siri. Kughairi hakukatwi kitu.

Pili, mstari huo ndio nafasi yako ya mwisho kubadilisha njia. Kama ada ni kubwa kuliko ulivyotarajia, rudi, jaribu njia nyingine, hata kama ni ya mshindani wetu. Bosi wangu amesoma sentensi hiyo na ameiacha.

Kuna tahadhari moja siwezi kuiacha nikizungumzia misimbo. Msimbo unaobonyezwa kabla ya nambari una nguvu ya kubadilisha njia ya simu. Ujerumani nguvu hiyo ilitumika kumpunguzia Shangazi gharama. Matapeli wanaitumia kukuibia. Mtu anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba ubonyeze **21* ikifuatiwa na nambari fulani na #. Ukifanya hivyo umeelekeza simu zako zote ziende kwake, pamoja na ile ambayo benki ingepiga kuthibitisha ni wewe. Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa mahali, bonyeza *#21#. Kuondoa, bonyeza ##21#. Na mtu yeyote akikutajia msimbo kwa simu huku akikuharakisha, kata kwanza, kisha piga mwenyewe nambari rasmi ya kampuni uulize msimbo huo ni wa nini.

Siku hizi Shangazi hapigi tena kwa 010. Anampigia Nyanya kwa video ya WhatsApp, na Nyanya anashikilia simu karibu na sikio hivi kwamba tunaona sikio tu. Lakini pesa za dawa bado anatuma kila mwezi, na tabia ya karatasi haijaisha. Wiki jana alinitumia picha: programu tatu za kutuma pesa, euro 100 kila moja, amepanga kwa kalamu. Mbili zimeandika ada sifuri. Pembeni ameandika kiasi cha shilingi ambacho kingefika Voi kwa kila moja, baada ya wao kubadilisha euro kwa kiwango chao, na ile iliyofikisha shilingi nyingi zaidi ni ya tatu, yenye ada. Amezungushia duara hiyo. Chini ameuliza kama huku nikitoa kwa wakala nitakatwa ngapi, ili aongeze.