Simu ya Wavietnamu imefika Manyovu, supu yao bado

Tangu mwaka 2015 kampuni ya Viettel ya Vietnam iko pande zote mbili za mpaka wa Manyovu. Upande wa Tanzania watu wanaijua kwa jina la Halotel, na wakivuka kuingia Burundi wanaikuta kwa jina la Lumitel. Chakula cha Vietnam hakijapata bahati kama ya minara yake. Mtu wa Buhigwe, Kasulu au Kibondo akitamani kukionja, anaambiwa asubiri safari ya Dar es Salaam au Nairobi, au siku atakayopanda ndege kwenda Hanoi.

Ushauri huo haumtendei haki. Safari ina faida yake, lakini uhalisi wa chakula cha Vietnam umo katika upishi: moto mdogo, viungo vilivyokaangwa vikatoa harufu, majani mabichi yaliyochumwa siku hiyohiyo. Kwa kipimo hicho, nyanda za juu za Kigoma ziko karibu na Hanoi kuliko zinavyodhaniwa.

Mfano mzuri ni phở, supu iliyoanzia kaskazini mwa Vietnam, Nam Định na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20. Wavietnamu huinywa hasa asubuhi, kama vile Watanzania wanavyoamkia supu ya makongoro na chapati kabla ya kwenda kazini. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kidogo, ikaoshwa, kisha ikarudishwa jikoni kwa saa nyingi juu ya moto wa taratibu ili supu itoke angavu. Tangawizi na kitunguu huunguzwa kwanza juu ya mkaa. Mdalasini, karafuu na mbegu za giligilani hukaangwa bila mafuta, pamoja na kiungo kikavu chenye umbo la nyota. Supu ikishachujwa, humiminwa ikiwa ya moto kabisa juu ya tambi za mchele na vipande vyembamba vya nyama, na mlaji hukamua ndimu na kuongeza pilipili mwenyewe.

Hebu orodha hiyo ipelekwe sokoni. Mifupa ipo buchani. Tangawizi inalimwa Buhigwe kwenyewe. Mdalasini na karafuu hutoka Zanzibar na kufika hadi maduka ya vijijini. Ndimu, pilipili, giligilani na mnanaa havihitaji meli. Choroko zikilowekwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, baada ya siku chache hutoa machipukizi meupe yanayoliwa pamoja na phở ya kusini. Mchaichai, ambao nyumba nyingi huutia kwenye chai, ndio unaoipa supu ya mji wa Huế harufu yake. Vya kuagiza mjini ni vitatu tu: tambi za mchele, kiungo cha nyota na mchuzi wa samaki.

Huo mchuzi wa samaki, nước mắm kwa Kivietnamu, unastahili kuangaliwa kwa makini na watu wa Kigoma. Katika kisiwa cha Phú Quốc dagaa wa baharini huchanganywa na chumvi, kwa kawaida mafungu matatu ya samaki kwa fungu moja la chumvi, wakaachwa kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa karibu mwaka mzima. Kinachovuja chini ni kimiminika cha rangi ya kahawia chenye ladha nzito, na ndicho kinachokoleza karibu kila mlo wa nchi hiyo. Mkoa wa Kigoma una dagaa wa Ziwa Tanganyika, na una Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata suala la maji baridi si kikwazo, maana watu wa Châu Đốc, karibu na mto Mekong, wamejenga jina kwa samaki wa mtoni waliovundikwa kwa chumvi. Si kazi ya kubahatisha nyumbani, kwani samaki aliyevundikwa vibaya ni sumu. Lakini ni kazi inayofaa kufanyiwa majaribio na wataalamu wa uvuvi na wachakataji wa dagaa, ambao wengi wao ni akina mama wanaotegemea jua tu kuhifadhi mali yao.

Wapo watakaosema kwamba phở iliyopikwa Kasulu ni ya kuigiza. Historia ya phở yenyewe inawapinga. Vietnam ilipogawanywa mwaka 1954, watu wapatao milioni moja walihama kutoka kaskazini kwenda kusini, na supu yao wakaenda nayo. Huko Saigon ikaongezewa sukari kidogo, machipukizi ya choroko na sahani nzima ya majani mabichi. Baada ya Vita vya Vietnam kwisha mwaka 1975, wakimbizi waliipeleka Marekani, Ufaransa na Australia, wakaipika kwa nyama na mboga walizozikuta huko. Kibondo na Kasulu, wilaya zilizopokea wakimbizi kwa miongo mingi, zinaelewa vizuri jinsi chakula kinavyohama na wenyewe. Vipambo vya juu vya phở vilibadilika kila kituo, lakini mifupa, moto wa taratibu na tangawizi iliyounguzwa vilibaki.

Kwa anayepata nafasi ya kusafiri, kipimo ni hichohicho. Kibanda kinachopika mlo mmoja tu tangu alfajiri kina uhakika zaidi kuliko hoteli yenye orodha ya kurasa kumi. Mwezi Mei 2016 Rais Barack Obama wa Marekani alikula Hanoi katika mgahawa wa kawaida, akiwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki na mpishi mashuhuri Anthony Bourdain. Walikula bún chả, nyama ya nguruwe ya kuchoma na tambi, na bili yao ilikuwa dola 6. Msafiri Mwislamu atahitaji kuuliza zaidi, kwa kuwa nyama ya nguruwe hutumika sana katika upishi huo. Aitishe phở bò, ya ng'ombe, au phở gà, ya kuku, na aulize pia kuhusu uchinjaji. Akifika Châu Đốc atakuta Waislamu wa kabila la Cham, wenye soseji yao ya ng'ombe.

Mahali pepesi zaidi pa kuanzia, hata hivyo, ni kwenye kahawa. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil, na sehemu kubwa ni robusta. Wananchi wake huinywa kila siku, ikidondoka taratibu kupitia kichujio kidogo cha bati juu ya maziwa mazito ya kopo. Mwaka 1946 maziwa yalipoadimika Hanoi, Nguyễn Văn Giảng alipiga kiini cha yai na sukari hadi kikawa povu, akalimimina juu ya kahawa. Mgahawa wa familia yake unauza kinywaji hicho hadi leo.

Vilima vya Manyovu vinatoa arabika, inayokusanywa na kuuzwa nje kupitia ushirika kama Kanyovu, huku vikombe vya wenyeji vikijaa chai. Mwenye mgahawa wa Kasulu au Manyovu anaweza kubadilisha hilo bila mtaji mkubwa: kahawa ya mkulima jirani ikaangwe na kusagwa hapohapo, apate kichujio, kopo la maziwa na mayai ya kienyeji. Kanyovu nayo ingefanya jambo la maana kwa kumuuzia kahawa hiyo kwa kilo, ili mkulima apate mnunuzi wa pili aliye umbali wa kutembea. Kahawa hiyo ikishapata wateja, sufuria ya mifupa inaweza kuwekwa pembeni yake, iive usiku kucha kwa ajili ya abiria wa mabasi ya asubuhi.