Masomo ya intaneti: kuanza ni kwepesi, kumaliza kunaomba mtu wa kukufuata

Siku hizi ku Kolwezi, ku Fungurume na ku Likasi, mfanya kazi wa mine anaweza kusomea lisansi bila kuhama nyumba yake. Anajiandikisha kwa intaneti, analipa frais kidogo kidogo, anafungua masomo kwa simu. Kazi nazo zinageuka: mashini nyingi zinaongozwa na kompyuta, na kwenye matangazo ya kazi wanaomba karatasi. Mtu wa diploma ya Serikali peke yake anaona wengine wanatoka mbali, wanakuja kushika nafasi ile ambayo yeye anaijua kwa mikono. Njo maana wengi wanaanza. Lakini sisi wa sendika tunauliza jambo lingine: wangapi wanamaliza, na nani anawasaidia wafike?

Tuangalie kwanza hesabu za wale wenye nguvu kutupita. Ku Marekani, Harvard na MIT waliweka masomo mengi kwa intaneti kuanzia mwaka wa 2012. Wachunguzi wawili walitoa hesabu zake mwaka wa 2019. Katika mwaka wa masomo wa 2017-2018, kati ya watu 100 waliojiandikisha, 3 hivi tu njo walimaliza. Mtu atasema: wale walikuwa wanajaribu tu, hawakulipa kitu. Ni kweli kwa wengi. Lakini hata kati ya wale waliotoa makuta yao ili wapate cheti, waliomaliza walikuwa 46 kwa 100. Ni kusema, zaidi ya nusu walilipa na wakaachia njiani. Na huko intaneti haikatiki kama kwetu.

Kwa hiyo tusiseme haraka kama mfanya kazi wetu anaachia kwa sababu ya uvivu ao kichwa kigumu. Tunajua namna inavyopita. Mtu iko kwenye posti ya saa 12. Juma hili mchana, juma lijalo usiku. Anarudi nyumbani na usingizi, watoto wanalia, umeme umekatika, mega zimeisha. Anakosa somo moja, kisha mawili. Kazi ya kuandika inapita tarehe. Anaona haya kumwandikia mwalimu ambaye hajamuona hata siku moja, tena kwa Kifaransa cha ofisi. Anajisemea: “Nitaendelea mwezi wenye kukuya.” Mwezi unakuja, unapita. Hakuna mtu aliyemfukuza, na hakuna mtu aliyemuuliza yuko wapi. Kwenye chuo cha matofali, wenzako wanaona kiti chako ni kitupu. Kwa intaneti, kiti kitupu hakionekani.

Njo hapo kazi ya mshauri inaanza. Hatusemi mtu wa kukaa ofisini akingojea wanafunzi waje kumtafuta. Mwanafunzi mwenye kuchoka haji. Mshauri njo anapaswa kupiga simu kwanza.

Mfano mmoja unatupa nguvu. Mwaka wa 2007, vyuo vya mji wa New York vilianzisha programu inayoitwa ASAP kwa wanafunzi wa familia za mshahara mdogo. Wale hawakusoma kwa intaneti, na walisoma siku nzima, si kama watu wetu wa posti. Lakini shida yao ilikuwa ile ile: wengi walianza, wachache walimaliza. Kila mshauri alipewa wanafunzi 60 mpaka 80, wakati washauri wa kawaida wa vyuo vile walikuwa na 600 na zaidi. Mwanafunzi alipaswa kumuona mshauri wake mara nyingi, na akifuata masharti alipata karata ya kupanda treni na basi bure. Utafiti uliotoka mwaka wa 2015 ulionyesha kama, baada ya miaka 3, watu 40 kwa 100 walikuwa na diploma. Kati ya wenzao waliobaki bila programu ile, walikuwa 22. Kwetu, ile karata ya basi inaweza kuwa mega: uongee na mshauri, upate mega za mwezi.

Basi mshauri wa masomo atafanya nini hapa kwetu? Kazi yake ya kwanza ni kabla makuta hayajatoka mfukoni. Aangalie kama diploma ile inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu, na ahesabu gharama yote: frais, mega, safari ya kwenda kufanya mitihani. Kisha akamate programu ya posti ya mfanya kazi na kalenda ya chuo, aziweke pamoja, ili juma la usiku lisigongane na juma la mtihani.

Kisha inakuja ile simu. Mwanafunzi akimaliza siku 7 bila kufungua somo, mshauri anamwita, na anaongea naye kwa Kiswahili: “Ndugu, habari ya nyumbani? Tumekukosa. Kitu gani kimekukwamisha?” Mara nyingi jibu ni dogo: neno la siri limepotea, ao mtoto ni mgonjwa. Jambo la siku 7 linatengenezwa. Jambo la miezi 3 limekwisha kuwa kaburi.

Tena mshauri anapaswa kujua sheria za masomo. Katika mpango wa LMD tunaoufuata sasa katika inchi, mwaka mmoja ni kredi 60, na kredi ulizopata zinabaki zako. Kushindwa somo moja si kupoteza mwaka mzima. Watu wanaachia kila kitu kwa sababu ya somo moja, maana hakuna aliyewaelezea. Na akina mama, wake zetu na mabinti zetu wanaosoma usiku kisha kazi ya jikoni, mshauri aongee pia na watu wa nyumba, ili mwenye kusoma aachiwe saa yake.

Wakubwa wa kazi watauliza: nani atalipa? Kodi ya mine ya mwaka wa 2018 inasema kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa eneo. Tena kuna cahier des charges, ambamo kampuni inaandika ahadi zake kwa wenyeji. Katika makuta yale tunajengewa mashule, na tunashukuru. Lakini ukuta haupigi simu. Mshahara wa mshauri mmoja kwa wanafunzi 70 ni mdogo kuliko frais zinazopotea kila mara watu wanapoachia njiani. Na kampuni yenyewe inapata faida: fundi aliyemaliza masomo yuko tayari hapa, anajua mashini, hahitaji kuletwa kwa ndege.

Wengine wanasema mtu mzima ajipange mwenyewe. Sawa, kusoma atasoma yeye. Lakini hata chini ya shimo, hatumwachi mtu ashuke peke yake bila mwenzake kujua kama amepanda.

Kwa hiyo tunawaomba madelege wetu waingize mambo matatu katika mazungumzo yenye kuja na wakubwa: mshauri mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 80, ruhusa ya kubadilisha posti siku ya mtihani, na mega kwa yule anayefuata masomo. Na ninyi wenye kusoma, ao wenye mtoto anayesoma kwa intaneti, mtoe majina kwa delege wenu, na mseme mmefika wapi. Hesabu ya kwanza ya kuweka mezani ni hiyo.