Kaye ya bibliyoteke isifungwe

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu wa masomo,

Mnajua kwamba tangu mwanzo wa mwaka huu kuna kaye moja kubwa juu ya meza ya bibliyoteke, imefungwa kwa kamba ili isitembee. Kila mutu anayerudisha kitabu anaombwa kuandika mistari miwili ao mitatu: kitabu kilimpendeza ao hapana, na sababu gani. Mimi ni mmoja wa wale watatu wanaosaidia kuandika vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Basi kila jioni, mbele ya kufunga mlango, nasoma ile kaye. Leo nataka kutoa wazo langu juu yake, kwani juma mbili zilizopita mutu alipasua ukurasa mmoja, na tangu siku ile wengine wanasema afazali kaye ifungwe na vitabu fulani vitoshwe.

Kwanza niwaonyeshe yaliyo ndani, maana wengi wanaoisema kaye hawajaifungua.

Kitabu kinachotoka sana si cha hadithi. Ni «Mahali Pasipo na Daktari» cha David Werner. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika hivi: «Nilikipeleka nyumbani wakati wa likizo. Mtoto mudogo alikuwa anahara. Tulimutengenezea maji ya sukari na chumvi kama vile kitabu kinasema. Mama aliuliza nani amenifundisha. Nilimuonyesha picha.» Chini yake mwingine akaandika: «Ni kizuri, lakini picha zingine ni za haya.» Mnaona? Kitabu kimoja, mawazo mawili, na hakuna aliyesema uongo.

Halafu kuna «L'Enfant noir» cha Camara Laye, kilichotoka mwaka wa 1953. Mwandishi anasimulia utoto wake kule Kouroussa, inchi ya Guinea, ambapo baba yake alikuwa mhunzi na fundi wa zahabu. Wadogo wanakipenda sana, zaidi ile fasi wanafunzi wakubwa wanapiga wadogo na kuwanyanganya chakula. Mmoja ameandika: «Wakubwa wa internati wasome fasi hii mara mbili.» Tulicheka, lakini aliyeandika hakuwa anacheka. Mwingine, wa mwaka wa tatu, aliuliza: «Mbona hasemi kitu juu ya taabu ya ukoloni? Kwao hakukuwa kodi wala fimbo?» Mwalimu wetu wa Kifaransa aliposoma mistari hiyo alitueleza kwamba Mongo Beti, mwandishi wa Kameruni, alimulaumu Camara Laye kwa neno lile lile katika miaka ya 1950. Kumbe mutoto wa hapa kwetu, bila kumujua Mongo Beti, alifika peke yake kwenye ulizo la mwandishi mkubwa! Nauliza: kama kaye haikuwako, ulizo lile lingekufa wapi? Lingekufa kitandani, chini ya blanketi.

Juu ya «Ngando» cha Paul Lomami Tshibamba, cha mwaka wa 1948, watu wawili wanabishana ukurasa muzima. Mnajua habari ya yule mutoto wa Kinshasa aliyeacha masomo akaenda mtoni, mamba akamukamata. Wa kwanza anasema: «Angekwenda masomo, asingekamatwa. Mafundisho ni hayo.» Wa pili anajibu: «Mamba yule ni wa walozi. Angemukamata hata njiani ya kwenda masomo.» Na juu ya Zamenga Batukezanga, aliyetuandikia «Les Hauts et les bas» na «Bandoki», mmoja anasema Kifaransa chake ni chepesi mno, hakisaidii kwa disertasyo. Mwingine anamujibu: «Anaandika kama vile jirani anakusimulia jioni. Mimi nilimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.» Mimi nasema huyu wa pili ametoa sifa kubwa kupita zote za kaye yetu.

Sasa tufike kwenye maneno magumu.

Kuna «Tintin au Congo». Hergé alikichora mbele ya kukanyaga Kongo, na hakuikanyaga hata siku moja. Kilitoka mwaka wa 1931, na mwaka wa 1946 alikirudilia. Katika kile cha kwanza Tintin anawaambia watoto wetu darasani kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Katika cha pili fasi ileile imekuwa somo la hesabu. Wadogo wanakigombania sababu ya imbwa Milou. Lakini mwenzetu mmoja wa darasa la mwisho aliandika maneno machache tu: «Tunacheka nini? Midomo ile walichora ni ya babu zetu.» Kusema kweli, mimi nilikuwa wa kwanza kuomba kitabu kile kitoshwe. Nilipoona mstari ule nikanyamaza. Kwani kama tungekitosha, nani angeuandika? Tungejuaje ginsi walivyotuona? Kule Ubelgiji pia watu waliomba kitabu kile kikatazwe, na mwaka wa 2012 tribinali la Bruxelles likakataa. Mimi si jaji. Nasema tu kwamba ule mstari mmoja unafundisha wadogo kupita kabati lenye ufunguo.

Kuna «Le Monde s'effondre» cha Chinua Achebe, ambacho Waswahili wa Tanzania wanakisoma kwa jina «Shujaa Okonkwo». Wengine wanasema kitabu hiki kinazarau wamisionari, basi hakifai masomo ya Kiprotestanti. Hapa niungame kosa langu. Katika kaye, mimi mwenyewe niliandika: «Kitabu cha mieleka na vita, kizuri kwa wavulana.» Nilikuwa nimesoma sehemu ya kwanza tu! Mwenzangu mmoja aliandika chini: «Wewe hukufika mwisho.» Nilipata haya, nikakichukua tena. Nilipofika mwisho niliona kwamba Okonkwo, yule mwenye nguvu kupita wote, anajitundika kwa kamba. Niliona pia kwamba wamisionari wa kitabu kile si namna moja. Bwana Brown anakaa na wazee, anasikiliza, anajenga masomo na nyumba ya wagonjwa. Bwana Smith anafika nyuma yake, hana uvumilivu, na mambo yanaharibika. Je, hiyo ni zarau kwa wamisionari? Mimi naona ni onyo kwa kila mutu anayetaka kuongoza wengine bila kuwasikiliza, awe mchungaji, awe prefe, awe mkubwa wa chumba cha internati. Wale wanaotaka kitabu kitoshwe, nawauliza kwa heshima: ninyi mlifika mwisho? Ao mlifanya kama mimi?

Kuna «Une vie de boy» cha Ferdinand Oyono, cha mwaka wa 1956. Wanasema kina mambo ya uchafu. Ni kweli, yamo. Toundi ni boyi katika nyumba ya Komanda, anaona uzinzi wa mama wa nyumba, na kwa sababu ameona, watu wale wanamugeukia mpaka anakufa mbali na kwao. Mwandishi hasifu uchafu ule. Anaonyesha ginsi mutu mudogo anavyolipa zambi za wakubwa. Hata hivyo nakubali neno moja la walimu: kitabu hiki si cha mutoto wa miaka kumi na miwili. Basi tukiweke kwenye etajeri ya juu, kwa wale wa humaniti. Kuweka juu na kutupa nje si jambo moja.

Mwisho, ule ukurasa uliopasuliwa. Ulikuwa juu ya «Une si longue lettre», kitabu cha Mariama Bâ wa Senegali, kilichotoka mwaka wa 1979. Ramatoulaye, mjane, anamuandikia rafiki yake Aïssatou barua. Mume wake Modou, nyuma ya miaka mingi ya ndoa na watoto wengi, alikwenda kuoa Binetou, rafiki wa binti yao mwenyewe. Dada mmoja wa masomo yetu alisoma kitabu kile kwa siku tatu, akaandika ukurasa muzima. Mimi niliusoma jioni ile. Sitaurudilia hapa, maana aliuandikia wasomaji wa kaye, hakuuandikia jimbo zima. Niseme tu kwamba hakutaja jina la mutu. Alisema mambo ya Dakar aliyaona pia karibu na mlango wa kwao, na kwamba kwa mara ya kwanza alimuelewa mama yake. Kisha asubuhi wavulana fulani waliusoma kwa sauti karibu na robine, wakaiga sauti ya msichana, wakacheka. Siku iliyofuata ukurasa haukuwako tena. Yule dada hajachukua kitabu kingine tangu siku ile. Nimeangalia katika orodha yangu. Jina lake halirudi.

Hili ndilo linaloniuma. Mutu alitupa kitu cha samani, na sisi tukakifanya muchezo.

Wengine wanasema: «Ndiyo sababu kaye ifungwe. Imeleta vurugu.» Nasikia maneno hayo, na najua wanaoyasema wanataka amani. Tena si uongo kwamba watu fulani waliandika ndani matusi juu ya mwalimu. Mimi mwenyewe niliyafuta kwa biki. Lakini tufikiri vizuri. Mwizi akiiba kuku, tunafunga kuku ao tunatafuta mwizi? Yule dada hakuleta vurugu. Waliocheka ndio walioileta. Kama tukifunga kaye, tutakuwa tumemuazibu mara ya pili.

Tena tuangalie vitabu ambavyo hakuna mutu anaomba vitoshwe. «Le Voyage du pèlerin» cha John Bunyan kiko kwenye etajeri ya kwanza kabisa, karibu na vitabu vya nyimbo, na ni haki yake. Lakini mwandishi wake alikuwa nani? Mutu aliyekaa gerezani kule Bedford, Uingereza, miaka kumi na miwili tangu 1660, kwa sababu alihubiri bila ruhusa ya serikali. Wakubwa wa wakati ule walitaka anyamaze. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1678, na leo tunakipewa kama zawadi siku ya ubatizo! Shaaban Robert naye, katika «Kusadikika», alimuandika Karama anayeshitakiwa kwa sababu alitaka kufundisha watu sheria. Karama hapigi kelele, hatukani. Anajitetea kwa maneno siku kwa siku mbele ya baraza, naye anasikilizwa mpaka mwisho. Na kule Tanzania, «Rosa Mistika» cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka wa 1971, kilikatazwa mashuleni kwa muda, kisha kikarudi mikononi mwa wanafunzi. Mara nyingi kitabu kinapita umri wa wale waliokikataza. Basi tusifanye haraka.

Naleta maombi manne, na Bwana Prefe akikubali, tuyabandike mlangoni:

1. Asiandike mutu katika kaye kama hajafika mwisho wa kitabu. Kama kilimushinda, aseme wazi: «Nimeachia ukurasa fulani.» Hiyo pia ni habari njema kwa wengine.

2. Aliyechukia neno la mwenzake amujibu chini yake kwa sababu, si kwa tusi. Kupasua si kujibu.

3. Mwenye kuomba kitabu kitoshwe aonyeshe ukurasa na mstari, naye awe amekisoma chote. Kisha walimu wawili na wanafunzi wawili wakisome pia, na ndipo watoe uamuzi.

4. Kaye isisomwe kwa sauti nje ya bibliyoteke. Anayetaka kuisoma aingie, akae, asome kwa macho.

Bibliyoteke yetu ni kabati tatu tu, na moja haina mlango. Vitabu vipya havifiki kila mwaka. Lakini kitabu kimoja kikisomwa na watu ishirini, na wale ishirini wakiambiana mawazo yao, ni kama vitabu ishirini. Hiyo ndiyo mali yetu. Hatuhitaji feza kuiongeza; tunahitaji tu kusikilizana.

Kwa yule aliyepasua: sitafuti jina lako. Kama ukurasa ungali nao, upitishe chini ya mlango wa bibliyoteke usiku wo wote. Nitaugundisha kwenye fasi yake na sitauliza kitu. Na kwa yule dada: «Une si longue lettre» bado iko kwenye etajeri ya pili, na nimeacha katika kaye ukurasa mweupe nyuma ya ule uliopasuliwa. Hakuna mwingine atakayeandika juu yake. Ni wako.

Mwenzenu wa bibliyoteke, mwaka wa tatu humaniti