Profesa wa Sheria na Mtoto wa Kulea

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi zetu, lakini kazi yake imefika hata milangoni mwetu, na wengi wetu hatuna habari. Jina lake ni Adam Łopatka, profesa wa sheria wa nchi ya Poland. Alizaliwa mwaka 1928 na akafariki mwaka 2003.

Vita Vikuu vya Pili vilipoingia Poland mwezi wa Septemba 1939, Łopatka alikuwa mtoto wa miaka 10. Katika vita vile watoto wa nchi hiyo waliteseka mateso makubwa. Hata leo watu wa Poland humkumbuka Janusz Korczak, tabibu wa Kiyahudi aliyekuwa mlezi wa mayatima katika mji wa Warsaw. Mwezi wa Agosti 1942 watoto wake wapatao 200 walipochukuliwa kwenda kuuawa Treblinka, hakukubali kuwaacha. Alikwenda nao, na wote wakaangamia. Basi si ajabu kuwa nchi iliyoona mambo kama hayo ndiyo iliyosimama mbele ya mataifa mwaka 1978 na kutaka pafanywe mkataba wa kumlinda mtoto.

Huenda mtu akauliza: Je, hapakuwa na neno lolote juu ya watoto kabla ya hapo? Lilikuwapo. Mwaka 1959 Umoja wa Mataifa ulitoa Tamko la Haki za Mtoto, lenye misingi 10. Lakini tamko ni kama nasaha: mwenye kutaka hulifuata, na asiyetaka hulipa kisogo. Mkataba ni kama deni lililoandikwa mbele ya mashahidi. Aliyetia mkono wake huulizwa.

Mwaka 1979 likaundwa jopo la kuuandika mkataba huo, likawa likikutana Geneva, na Profesa Łopatka akawa mwenyekiti wake. Alikikalia kiti hicho mpaka kazi ilipokwisha, miaka 10 kamili. Kanuni ya jopo ilikuwa kwamba hakuna kupiga kura. Kila neno lazima wote waliridhie. Na zama zile walimwengu walikuwa wamegawanyika pande mbili, Marekani na wenzake upande huu, Urusi na wenzake upande ule, hata jambo dogo likawa la kuvutana. Mwenyekiti asiye na subira angaliivunja kazi ile mapema. Yeye aliwasikiliza hawa na wale, na neno likikataliwa lilirudishwa, likatengenezwa, likaletwa tena.

Hatusemi haya ili kumsifu kwa kila alilolitenda. Aliitumikia serikali ya kikomunisti ya nchi yake, na tangu 1982 hata 1987 alikuwa mkuu wa ofisi ya mambo ya dini katika serikali hiyo, ambayo haikujulikana kwa kuipenda dini. Baadaye, tangu 1987 mpaka 1990, alikuwa jaji mkuu wa Mahakama Kuu Kabisa ya Poland. Lakini insafu yataka kila mtu apewe haki yake, na katika jambo hili la watoto ana haki ya kutajwa kwa wema.

Sasa tusikilize yanayotuhusu sisi. Katika jopo lile zilikuwamo pia nchi za Kiislamu. Ilipojadiliwa habari ya mtoto aliyekosa wazazi, mataifa mengi yalikuwa na desturi ya kumchukua mtoto, kumpa ukoo mpya, na kumfanya kama aliyezaliwa na wale waliomchukua. Sheria yetu haikubali hivyo. Mtoto hubaki na jina la baba yake na nasaba yake. Mlezi humlisha, humvisha, humsomesha na kumwadibisha, wala mali ya yatima haiguswi kwa dhuluma. Hamrithi mlezi wake kwa kuwa amelelewa naye, lakini mlezi aweza kumwachia wasia usiozidi thuluthi ya mali. Hiyo ndiyo kafala. Na ukiufungua mkataba leo, katika kifungu cha 20 utalikuta neno hilo hilo, kafala ya sheria ya Kiislamu, limewekwa waziwazi kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto asiye na kwao.

Mkataba ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, ukiwa na vifungu 54. Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Mataifa karibu yote yameuridhia. Marekani iliutia saini mwaka 1995 na haikuuridhia. Na Kenya, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, imeitaja kafala katika sheria zake yenyewe.

Basi neno letu limeingia katika sheria ya walimwengu. Je, maana yake ingalimo majumbani mwetu?

Sisi tunaosomesha vyuoni twawaona watoto hawa. Huletwa mjini kutoka shamba kwa jina la kulelewa na ami, au shangazi, au jamaa wa mbali. Huyu wa kulea huamka kabla ya alfajiri, akateka maji, akafagia ua, akaosha masufuria. Wana wa nyumba wakatoka na mikoba yao kwenda skuli, naye akabaki. Jioni huja chuoni amechelewa, juzuu yake haina jalada, na akiulizwa sababu hutazama chini. Mwenye nyumba husema mbele za watu, "Huyu ni mwanangu." Lakini mwana gani asiyejua darasa likoje ndani?

Kazi ndogo za nyumbani si dhuluma. Kila mtoto imempasa kuwasaidia wakubwa wake. Dhuluma ni kumfanya mmoja mtumishi wa wenzake. Mkataba ule, katika vifungu vya 28 na 32, wampa mtoto haki ya kusoma na kukingwa na kazi inayomzuia masomo yake. Na kabla ya mkataba wowote, Qur'ani imetuonya vikali juu ya kumwonea yatima.

Enyi wazazi, mwenye mtoto wa kulea na ajiulize usiku huu maswali matatu: Je, amelala mahali wanapolala wanangu? Je, amekula walichokula? Je, kesho atakwenda skuli nao? Nanyi walimu wenzetu, mtoto akichelewa, msitangulize bakora. Ulizeni kwanza ni nani aliyemchelewesha. Na ninyi vijana, mkiwa na mwenzenu wa namna hiyo nyumbani, shikeni ndoo upande mmoja naye ashike upande wa pili, ili mtoke pamoja.

Profesa yule alikaa miaka 10 ili mataifa yakubaliane juu ya maneno. Sisi maneno tunayo tangu zamani. Lililobaki ni kuyatenda. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walezi wa kweli, na awalinde mayatima wetu wote. Amin.