Sahihi Washington, foleni Kenya: Nani hasa anapanga afya yetu?

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi agizo la kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Wino ulikuwa Washington, lakini haukuchukua hata wiki mbili kufika Kenya. Kliniki kadhaa za HIV zilifunga milango, na maelfu ya wahudumu wa afya wakaambiwa wakae nyumbani kwanza.

Baadaye Marekani ililegeza kamba kwa dawa za kuokoa maisha. Lakini swali lilikuwa tayari limeulizwa: kama mtu mmoja ng'ambo anaweza kufunga kliniki ya kijijini kwako, basi sera ya afya ya Kenya inaandikwa wapi?

Ukweli ni kwamba hili halikuanza na Trump.

Ada za 1989

Miaka ya 80 Kenya ilikuwa na madeni, na Benki ya Dunia na IMF zilikuwa na masharti: punguza matumizi ya serikali. Desemba 1989 wagonjwa wakaanza kulipa ada katika hospitali za umma. Sera hiyo iliitwa kuchangia gharama.

Wagonjwa wengi waliacha kwenda, hadi serikali ikasitisha ada ya kumwona daktari mwaka uliofuata. Kuanzia 1992 ada zikarudishwa kidogo kidogo. Mwaka 2004 zilipunguzwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya. Zilifutwa kabisa katika ngazi hizo mwaka 2013.

Hesabu vizuri. Ni zaidi ya miaka 20 ya kurekebisha uamuzi ambao mama aliyebeba mtoto mwenye malaria hakuulizwa.

Lakini dunia pia ilituokoa

Tusiseme kila kinachotoka nje ni kibaya. Mwaka 2001, dozi ya ARV ya kampuni za Magharibi iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuzia taasisi za misaada kwa dola 350. Mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha sheria iliyofungulia mlango dawa hizo za bei nafuu, licha ya shinikizo la kampuni kubwa.

Mwaka 2003 Rais George W. Bush akaanzisha PEPFAR, mpango uliolipia dawa, maabara na mishahara. Leo zaidi ya Wakenya milioni 1 wanameza ARV kila siku. Wengi wao wasingekuwepo.

Tofauti iko hapa: kwa dawa za India, Kenya ilibadilisha sheria yake yenyewe. Kwa PEPFAR, ilipokea tu. Cha kupewa kikikatwa, huna pa kukata rufaa.

Sasa bili imerudi nyumbani

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijawahi kufika hapo. Pengo lilizibwa na wafadhili, na wao sasa wanaondoka.

Ndiyo maana SHA, iliyoanza Oktoba 2024, inakuhusu hata kama huugui. Ukiwa umeajiriwa, asilimia 2.75 ya mshahara wako inakatwa kabla hujauona. Mama mboga na mtu wa boda anadaiwa angalau shilingi 300 kwa mwezi, na mfumo unataka alipe mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni 3,600 kutoka kwa mtu anayeishi kwa mapato ya leo. Wengi wamejisajili, lakini kulipa ni hadithi nyingine.

Na Desemba 2025 Kenya ilitia sahihi mkataba mpya na Marekani: hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka 5, huku Kenya ikiahidi kuongeza dola milioni 850 zake. Fedha safari hii zinapitia serikalini badala ya mashirika. Hatua nzuri. Lakini siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya kupeleka data za afya za Wakenya nje, baada ya walalamishi kusema faragha ya wagonjwa iko hatarini.

La kuangalia

Mkono wa nje utaendelea kuwepo, kwa sababu magonjwa na dawa havijui mpaka. Kinachobadilika ni kama sisi tumo chumbani wakati wa kusaini.

Kwa hiyo bajeti ijayo ikisomwa, usiangalie bei ya unga na mafuta pekee. Tafuta mstari wa ARV, uone ni kiasi gani kimewekwa na Hazina yetu. Ukikuta pengo, muulize mbunge wako nani atalijaza, na anataka nini kama malipo.