Mvua yetu kwanza, theluji baadaye

Desemba 2024 tulifungua boksi la vifaa vya watoto pale Kiryandongo, kwenye darasa tunalojitolea la watoto wa miaka 2 hadi 4. Nje ilikuwa kiangazi, jua kali, vumbi hadi kwenye nyusi. Ndani ya boksi tulikuta karatasi nyeupe, karatasi za buluu, na kurasa za kuonyesha kazi za mikono za majira ya baridi: kukata chembe za theluji, kubandika mtu wa theluji kwa pamba, kupaka rangi glavu za karatasi. Tulifurahi, tusidanganyane. Si kila siku unapata karatasi ambayo upande wa pili haina hesabu za mtu.

Tukakata chembe moja ya theluji, tukaiinua juu. "Hii ni nini?" Mmoja akasema pamba. Mwingine akasema unga. Mwingine, ua. Kila mtoto tulimwambia hapana. Mwisho tukatoa jibu sisi wenyewe: "Hii ni theluji. Mtaikuta Marekani."

Hilo neno la mwisho ndilo limetufanya tuandike.

Kati ya watoto hao kulikuwa na msichana wa miaka 4, familia yake imetoka upande wa Beni, Congo. Walikuwa wameshapewa tarehe ya ndege. Akaenda na theluji yake nyumbani, mama yake akaibandika ukutani, juu ya mabegi. Halafu tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akatia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Marekani. Safari yao ikafutwa, pamoja na za wengine wengi. Wiki chache baadaye mtoto akaja darasani, akamvuta mmoja wetu shati: "Ticha, nikitengeneza ingine, tutaenda?"

Tulikosa jibu. Si yeye aliyekosea. Sisi ndio tulimfanya aone karatasi kama tiketi.

Wengine watasema tunakuza mambo, ni karatasi tu. Lakini mtoto wa miaka 4 hasomi matangazo ya ofisi. Anasoma tunachomwekea mezani. Ukimwekea mezani nchi ya wengine kila siku, na ukamwambia ndiko maisha yaliko, atajifunza kwamba hapa alipo ni pa kusubiri tu. Na sisi tunajua kusubiri kunavyomla mtu.

Baadhi yetu tulianza maisha hivyo. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, wazazi wetu walitubeba mgongoni tukavuka mpaka, wengine Busia, wengine Malaba. Tukawekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huohuo tukahamishiwa Kiryandongo. Kuna familia ambazo zina jamaa upande huu, kwa hiyo kikundi chetu bado kina nyumba Kisoko, hukuhuku Budama Magharibi iliko Mulanda. Mwezi wa 5 mwaka 2025, likizo ya shule, tulirudi Kisoko kukaa kwa nyanya wa mmoja wetu. Watoto wa majirani wakajaa uwanjani. Boksi hatukuwa nalo. Tulikuwa na madaftari yaliyoisha, gazeti kuukuu, na katoni mbili za sabuni kutoka dukani.

Na mvua ilikuwepo. Huku Tororo si mahali pa kuuliza kama itanguruma. Kati ya 1967 na 1976 ilirekodiwa hapa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, mji huu ukaingia kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Kila alasiri wingu linatoka, watoto wanakimbilia barazani, mabati yanaanza kupiga kelele hata hamsikizani. Basi tukasema, wacha kazi ya leo iwe hii hii.

Tulifanya hivi. Mtoto wa miaka 2 hawezi kukata, lakini kuchana anaweza, tena kwa furaha. Tukawapa kurasa za daftari wachane vipande virefu, tukavining'iniza kwenye kamba: mvua. Wakakunja ngumi wakafinyanga gazeti kuwa madonge, tukapindua beseni, wakayarusha juu yake: mvua ya mawe. Katoni moja tukaikunjua, watoto wawili wakaishika huku na huku wakaitikisa: ngurumo. Wa miaka 4 tukawapa nusu duara wapake rangi kwa majani mabichi na mkaa, kisha tukabandika kijiti katikati: mwavuli. Mvua ilipokatika tukakunja mashua, tukaenda kuziachilia kwenye mfereji.

Hakuna aliyeuliza hii ni nini. Wao ndio walikuwa wanatuambia sisi. Mmoja akasema mvua yetu ni kidogo, ya kwao huwa inaingia ndani. Mwingine akachana vipande vyeusi kutoka kwenye picha za gazeti, ati wingu linakuja kutoka kwa nyanya. Kitoto ambacho asubuhi yote kilikuwa kimejificha nyuma ya dadake kikatoka kushika ngurumo. Mikono ilifanya kazi ileile ya kuchana, kukunja na kubandika ambayo kurasa za theluji zilitaka. Tofauti ni kwamba mtoto alikuwa na la kusema.

Mambo machache kwa wanaotaka kujaribu. Madonge yawe makubwa kuliko mdomo wa mtoto, maana wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Vijiti view butu. Pini za kubania karatasi, hapana. Na gundi mfikirie vizuri. Tuliwahi kupika gundi ya unga kule Kiryandongo, mama mmoja akatuangalia akasema, "Vijana, mgao wenyewe umepunguzwa, nanyi mnabandika karatasi kwa chakula?" Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo tunatumia uji uliobaki chini ya sufuria, au tunafunga kwa nyuzi za mgomba, au tunakunja tu bila gundi.

Sasa, kuna mwenzetu wa shirika aliyetuuliza: je, mnataka watoto wasiijue dunia? Hapana. Hatujasema theluji ichomwe. Kuna watoto watakaosafiri kweli, na wanahitaji kujua baridi ni nini. Tunachosema ni mpangilio. Anza na mvua ya mawe ambayo mtoto ameshaiokota akaihisi ikiyeyuka mkononi. Kutoka hapo theluji iko karibu, haihitaji Marekani.

Tena theluji si mali ya ughaibuni. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliiona juu ya Kilimanjaro, na wataalamu wa London wakabisha kwamba haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta. Lakini mwenyeji aliyekuwa akimwongoza njia hakuwa na ubishi, aliita kile cheupe "baridi" tu, basi. Na milima ya Rwenzori, yenye barafu kileleni, iko mpakani mwa Uganda na Congo, upande huohuo wa Beni alikotoka msichana wetu. Yaani theluji ilikuwa karibu na kwao tangu zamani, halafu sisi tukamwambia atakwenda kuikuta Marekani! Tungewauliza wazazi kwanza, labda wangetusaidia.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenzetu wa mashirika, mkitaka kutuma vitu, tumeni karatasi tupu na makasi ya ncha butu, si picha zilizokwisha kuchorwa. Na kabla ya kutuma, tuulizeni huku ni msimu gani. Vijana wenzetu tunaojitolea, tusiunganishe kamwe mchezo wa mtoto na safari. Safari haiko mikononi mwetu, wala mwa mama yake. Tatu, mtoto akijibu "unga" au "pamba", tusimwambie hapana. Tumuulize, "Umeuona wapi?" Hapo ndipo darasa linaanza.

Tuliporudi Kiryandongo tulitengeneza miavuli na watoto wetu. Yule msichana alipaka wake majani mpaka karatasi ikatoboka, akataka mwingine, akapewa. Jioni tulipita kwao. Theluji yake bado iko ukutani, mama hajaitoa, na si sisi wa kumwambia aitoe. Mabegi yako chini yake, lakini moja limefunguliwa, nguo za watoto zimeanza kuvaliwa. Mwavuli ulikuwa nje mlangoni, na mtoto alikuwa anamfunika nao kuku.