Hekalu la Kisutu na Mpungi wa Upareni

Wako miongoni mwetu wasomi wasemao kwamba mahekalu ya Wahindu yaliyomo mijini mwetu si sehemu ya utamaduni wa taifa, bali ni mambo ya wageni. Wasomi hao hao wakiulizwa habari za mpungi, yaani kichaka kitakatifu ambamo ukoo wa Kipare ulifanya matambiko yake, hujibu kwamba huo ni ushenzi wa kale. Basi na tuwaulize: ikiwa cha jirani ni kigeni na cha babu ni kishenzi, taifa hili limebakiwa na utamaduni gani?

Sisi wa Bendera, tuishio chini ya milima ya Upare ya Kusini, tumefika katika mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, tukaingia katika mojawapo ya mahekalu yake. Nje mji ulikuwa ukivuma: magari yanapiga honi, wachuuzi wananadi, maghorofa yanapanda juu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika jiji hilo, na ardhi ya katikati ya mji ni ghali mno. Lakini mlangoni mwa hekalu kila aingiaye huvua viatu, awe tajiri au mfagizi. Ndani mna harufu ya udi, maua, mlio wa kengele na taa inayowaka. Wazee hukaa kimya, na watoto hufunzwa kwa kutazama. Tulichokistaajabia si ufundi wa jengo bali ni nidhamu ya watu walioapa kwamba mahali hapo hapauzwi.

Na huo ugeni unaosemwa una umri gani? Katika karne ya 19, nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi. Msomi asemaye kwamba Uhindi hautuhusu hulipa pesa, hupanda gari, hukata bima na hula chapati. Maneno yote hayo manne yametoka Bara Hindi. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alionya wazi kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa ule wa wengine. Mwenye kuchukia hekalu la jirani hajaijenga Tanzania, ameipunguza.

Lakini shabaha yetu kubwa ni sisi wenyewe. Huko Madurai, kusini mwa India, mitaa ya mji wa kale imelizunguka hekalu la Meenakshi, mraba ndani ya mraba. Mji ndio uliolipisha hekalu. Kwetu Upareni mambo ni kinyume: msitu mtakatifu huupisha shamba, na shamba huipisha tanuri ya mkaa. Mpungi ulikuwa na sheria zake. Mshitu, msitu wa kuwafundia vijana, ulikuwa na miiko yake. Hakuna aliyekata mti humo kwa kuwa ana shoka tu. Kisha tukafundishwa kuona haya, na haya hiyo ikawa kibali cha shoka.

Watasema: “Je, mnatutaka turudie matambiko?” La, hasha! Upare wa leo una misikiti na makanisa, na kila mtu na imani yake; Katiba ya mwaka 1977 imempa haki hiyo. Hatumwambii mtu aabudu. Tunamwambia asikate. Aliyeingia Kisutu akavua viatu hakuwa Mhindu kwa kuvua. Alikuwa mtu mwenye adabu. Mbona adabu hiyo tunaisahau mbele ya miti ya babu zetu wenyewe?

Tena jambo hili si la heshima peke yake. Chemchemi nyingi za milimani hukaa kivulini mwa miti. Ndizo zijazazo ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu ya kumwagilia mashamba, na ndizo zilishazo mito iteremkayo tambarare. Msitu ukifa juu, chini tutanyweshana maneno.

Njia ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuuhifadhi kwa sheria ndogo. Basi mikutano ya vijiji na iitwe. Wazee wa koo waonyeshe mipaka, vijana waipime, makarani waiandike. Tusingoje mtaalamu kutoka mbali aje kutuambia kwamba tulikuwa na kitu.

Wahindu wa Kisutu wamelinda chao katikati ya kelele za jiji, mahali ambapo kila hatua ya ardhi ina mnunuzi. Sisi tumeshindwa kulinda chetu katikati ya milima mitupu. Wa kulaumiwa hapo si mgeni. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa huyo hana hata kivuli cha kupumzikia.